Jina moja, makaizari wanne: kisa cha sarafu 24 za fedha zilizoandikwa "Antoninus Pius"

Usuli

Mkusanyaji mmoja wa sarafu katika nchi moja ya Ulaya alifariki na kuacha trei yenye sarafu 24 za fedha za Kirumi. Juu ya trei kulikuwa na karatasi moja tu: "Antoninus Pius, 138–161". Warithi walikuwa watatu, na walikuwa wamekubaliana kila mmoja achukue nane bila kuchagua, kwa imani kwamba zote ni za kaizari mmoja na thamani yake inakaribiana. Kabla ya kugawana, mmoja wao aliomba zikaguliwe. Majina, mji na tarehe vimeondolewa hapa. Maandishi ya sarafu, vipimo na hatua za kazi vimeachwa.

Ili kuelewa kilichotokea, lazima kwanza kulielewa jina lenyewe. Antoninus Pius alitawala miaka 23, kipindi ambacho Warumi walikikumbuka kwa utulivu wake, na baada ya kifo chake jina hilo likawa mtaji wa kisiasa. Marcus Aurelius, mwanawe wa kulea, alilichukua alipotawazwa mwaka 161. Septimius Severus, aliyeingia madarakani kwa vita, alijitangaza mwaka 195 kuwa mwana wa Marcus Aurelius, ilhali Marcus alikuwa ameshafariki tangu mwaka 180. Mwanawe Severus, aliyezaliwa na jina la Bassianus, akapewa jina jipya la Marcus Aurelius Antoninus. Huyo ndiye tunayemwita leo Caracalla. Mwaka 218 kijana wa miaka kama 14 kutoka Emesa nchini Syria, mji unaoitwa sasa Homs, aliletwa mbele ya askari kama mwana wa siri wa Caracalla, naye akaitwa Marcus Aurelius Antoninus. Huyo ndiye Elagabalus.

Caracalla na Elagabalus ni majina ya utani. Hakuna sarafu inayomtaja kaizari yeyote kwa majina hayo. Neno ELAGAB likionekana upande wa nyuma, linamtaja mungu wa jua wa Emesa, si kaizari. Kwa hiyo mtu anayesoma ANTONINVS na kuishia hapo anasoma kile ambacho watawala walitaka kisomwe: kwamba ukoo ule mwema bado uko madarakani. Marehemu mkusanyaji, au aliyemuuzia, alisoma hivyo hivyo.

Hali ya sarafu zilipofika

Zilifika katika hali tatu. Nyingi zilikuwa ndani ya vifuko vya plastiki laini, na sita kati ya hizo zilikuwa na utando wa kijani unaonata. Tano zilikuwa zimesuguliwa na mwanafamilia kwa magadi na kitambaa ili zing'ae. Tatu zilikuwa zimepitia kwa sonara, aliyezijaribu kwa jiwe la kupimia na tindikali na kutoa jibu kwamba ni "fedha safi, za fungu moja".

Sarafu mbili zilikuwa kubwa kuliko nyingine, na juu yake kaizari amevaa taji la miali ya jua badala ya shada la laureli. Hizo peke yake zilitosha kuonyesha kwamba karatasi ya trei ina makosa. Sarafu ya fedha yenye taji la miali, ambayo wakusanyaji wa leo huiita antoninianus, ilianzishwa na Caracalla mwaka 215. Antoninus Pius aliwahi kuchorwa na taji la miali, lakini kwenye sarafu za shaba ya njano, si kwenye fedha.

Uamuzi wa kwanza: kugusa kidogo

Warithi walitaka sarafu zote zisafishwe kwanza ili zisomeke. Ombi hilo lilikataliwa. Fedha ya enzi ya Caracalla ina shaba nyingi ndani yake, na ngozi ya juu ya sarafu ni nyembamba mno. Ukiisugua, unaondoa ngozi hiyo pamoja na vina vya herufi unavyotaka kuvisoma. Tindikali za nyumbani kama ndimu na siki ni mbaya zaidi, kwa sababu hula shaba iliyo chini na kuacha fedha yenye vitundu kama sponji.

Kilichoruhusiwa ni kuondoa masalia ya plastiki peke yake. Sarafu sita zenye utando wa kijani ziliwekwa kwenye bakuli la kioo lenye asetoni halisi kwa saa kadhaa, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Baadaye zilibadilishiwa asetoni mpya, kisha zikaachwa zikauke juu ya karatasi laini bila kufutwa. Asetoni huyeyusha plastiki na haiigusi fedha wala shaba. Ya kuondolea rangi ya kucha haifai, kwa sababu mara nyingi huchanganywa na mafuta na manukato yanayobaki juu ya sarafu.

Mfuatano wa utambuzi

Kila sarafu ilipewa namba, ikapimwa uzito na kipenyo, ikapigwa picha pande zote mbili na ukingoni. Dinari nyingi, yaani sarafu za kawaida za fedha za Kirumi, zilikuwa kati ya gramu 2.8 na 3.4, na kipenyo kati ya milimita 17 na 19. Mbili za taji la miali zilikuwa karibu gramu 5. Mpaka hapo uzito haukumtaja kaizari yeyote, ila ulizitenga sarafu mbili za mashaka, moja ya gramu 2.41 na nyingine ya gramu 2.60.

Kisha yakafuata maandishi. Kwenye dinari, maandishi ya upande wa kichwa huanza chini kushoto, karibu na bega, na kuzunguka kufuata mwendo wa mshale wa saa. Hayana nafasi kati ya maneno, V husimama mahali pa U, na namba nne huandikwa IIII. Taa iliwekwa chini kabisa, karibu usawa wa meza, na sarafu ikazungushwa polepole ili kivuli kiinue herufi zilizolika. Mpangilio uliotumika kutenganisha majina ni huu (AVG ni Augusto, cheo cha kaizari; PIVS ni mcha Mungu; P P ni baba wa taifa; IMP ni jemadari mkuu; CAES ni Kaisari):

- ANTONINVS AVG PIVS P P: Antoninus Pius mwenyewe. Neno AVG liko mbele ya PIVS.
- DIVVS ANTONINVS: ni yeye, ila ameshakufa na kufanywa mungu. Aliyeigonga ni Marcus Aurelius, kuanzia mwaka 161. Nyuma huwa na neno CONSECRATIO pamoja na tai au jukwaa la kuchomea maiti.
- M ANTONINVS AVG, mara nyingi pamoja na ARM, PARTH MAX, GERM au SARM: Marcus Aurelius. Nyongeza hizo ni za ushindi dhidi ya Armenia, Parthia, Wajerumani na Wasarmatia.
- ANTONINVS AVGVSTVS au ANTONINVS PIVS AVG, kisha BRIT (ushindi wa Britania) kuanzia 210 na GERM kuanzia 213: Caracalla. Hapa PIVS ndiyo iko mbele ya AVG.
- IMP ANTONINVS PIVS AVG, IMP ANTONINVS AVG au IMP CAES M AVR ANTONINVS AVG: Elagabalus.

Mpangilio wa AVG PIVS dhidi ya PIVS AVG ndio uliofanya kazi kubwa zaidi. Kwa macho ya haraka maneno ni yale yale, lakini kati yake kuna kama miaka 40. IMP nayo haitoshi ikiwa peke yake. Marcus Aurelius alianza utawala wake kwa IMP M AVREL ANTONINVS AVG, na sarafu za Caracalla za mwaka 198 huanza na IMP pia, ila jina limefupishwa kuwa ANTON au ANT.

Hatua iliyofuata ilikuwa upande wa nyuma, hasa penye hesabu za vyeo. P M ni cheo cha kuhani mkuu, TR P ni mamlaka ya kitribuni, yaliyohuishwa kila mwaka, na COS ni idadi ya mara kaizari alizoshika ukonsuli, cheo cha juu cha serikali ya Kirumi. Ukizisoma kwa pamoja unapata mwaka. Caracalla alianza kuhesabu TR P mwaka 198, kwa hiyo P M TR P XVIII COS IIII P P ni mwaka 215. Elagabalus alianza 218, kwa hiyo P M TR P III COS III P P ni 220. Hapo ndipo uthibitisho unapopatikana: wote wawili wana COS III, lakini kwa Caracalla cheo hicho kinakwenda na TR P XI hadi XV, na kwa Elagabalus kinakwenda na TR P III na IIII. Namba ndogo ya TR P ikikaa na COS III kwenye sarafu ya Antoninus yenye IMP, hakuna nafasi ya ubishi.

Uso uliachwa mwisho kwa makusudi.

Sarafu tatu zilizozua mjadala

*Namba 17.* Upande wa kushoto wa maandishi ulikuwa nje ya sarafu, kwa kuwa muhuri wa kugongea haukukaa katikati. Zilibaki herufi NINVS PIVS AVG. Uso ni wa kijana mwenye ndevu chache za shavuni, na nyuma kuna LIBERTAS AVG pamoja na sanamu ya Uhuru (Libertas). Je, IMP ilikuwepo? Njia iliyotumika ni kuhesabu nafasi. ANTONINVS PIVS AVG ina herufi 16, na ikitanguliwa na IMP zinakuwa 19. Mchongaji alizigawa herufi kwa usawa kadiri alivyoweza, kwa hiyo herufi iliyo juu kabisa ya kichwa husaidia kukisia zilizopotea. Kwenye herufi 16, juu ya utosi huwa kuna mwisho wa neno ANTONINVS. Kwenye 19, huwa kuna NIN, katikati ya neno. Namba 17 ilikuwa na NIN juu ya utosi. Taa ya chini ikaonyesha nyota ndogo iliyolika upande wa kulia wa sanamu ya Uhuru, alama ya kawaida kwenye dinari za Elagabalus. Caracalla naye aligonga LIBERTAS AVG, lakini wakati huo uso wake ulikuwa tayari wa mtu mzima mwenye ndevu. Ikaandikwa: Elagabalus.

*Namba 9.* Hii ndiyo ya gramu 2.41. Mbele ilisomeka wazi ANTONINVS PIVS AVG na uso wa Caracalla kijana. Nyuma ilisomeka P M TR P XVII COS III P P. Maandishi hayo hayawezi kuwa yake. TR P XVII ya Caracalla ni mwaka 214, alipokuwa na COS IIII. Tena cheo cha P M, yaani kuhani mkuu, alikipata baada ya baba yake kufa mwaka 211. Kabla ya hapo aliandika PONTIF. TR P XVII COS III ni ya Septimius Severus, mwaka 209. Kwenye shavu la kaizari palikuwa na ufa, na ndani yake rangi nyekundu ya shaba na ukungu wa kijani. Ni sarafu ya kughushi ya zama zile zile: kiini cha shaba kilichovishwa karatasi nyembamba ya fedha, kikagongwa kwa mihuri miwili isiyohusiana. Warithi walishauriwa wasiitupe. Wapo wanaozikusanya sarafu za aina hii kwa dhati, na zina mengi ya kufundisha kuhusu uchumi wa wakati ule.

*Namba 22.* Gramu 2.60, ANTONINVS AVG PIVS P P, herufi nono zisizo na makali. Chini ya kikuza palionekana vitundu vya mviringo kwenye uwanda, alama ya mapovu ya hewa, na mstari mwembamba ukingoni mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana, ukiwa umekwaruzwa kwa tupa. Imesubiwa, haikugongwa. Lakini kusubiwa peke yake hakuthibitishi kwamba ni ya kisasa, kwa sababu kalibu za udongo za kusubia dinari za karne ya 3 zimechimbuliwa Uingereza na Misri pia. Kilichoamua ni msongamano wa karibu gramu 7.6 kwa sentimita moja ya ujazo. Fedha ni 10.49, shaba ni 8.96, na bati ni kama 7.3. Mchanganyiko wowote wa fedha na shaba hauwezi kushuka hadi 7.6 isipokuwa sarafu iwe na uwazi mkubwa ndani, nayo haikuonyesha dalili hiyo. Ilikuwa karibu bati tupu, yaani nakala ya ukumbusho. Ikaondolewa kwenye hesabu ya mgao.

Matokeo

Kati ya sarafu 24, saba zilikuwa za Antoninus Pius, mbili kati ya hizo zikiwa za DIVVS. Nne zilikuwa za Marcus Aurelius, sita za Caracalla na tano za Elagabalus. Zile mbili za taji la miali ziligawanyika, moja ya Caracalla na moja ya Elagabalus. Zilizobaki ni ile iliyovishwa fedha na ile nakala ya bati.

Mojawapo ya tano za Elagabalus ilikuwa na SANCT DEO SOLI ELAGABAL nyuma, gari la farasi wanne likibeba jiwe takatifu la Emesa. Hii ni sarafu inayotafutwa sana na wakusanyaji, na thamani yake iko mbali na ya dinari ya kawaida ya Antoninus Pius. Kwa mgao wa nane nane bila kuchagua, ingemwangukia mmoja wa warithi bila yeyote kujua, na nakala ya bati ingemwangukia mwingine. Warithi waliacha hesabu ya idadi. Walipata makadirio ya bei kutoka kwa wathamini wawili wasiohusiana, wakagawana kwa thamani. Sarafu tano zilizosuguliwa zilikadiriwa chini ya wenzake wa aina ile ile, zote tano.

Uchambuzi: kwa nini sonara alikosea

Sonara alifanya kazi yake kwa uaminifu, ila kipimo chake hakifai kwa sarafu hizi. Chini ya Antoninus Pius dinari ilikuwa na fedha takriban asilimia 80. Severus aliipunguza, na kufikia utawala wa Caracalla na Elagabalus ilikuwa karibu nusu fedha na nusu shaba. Karakana ya Roma iliyatibu mapande kabla ya kuyagonga ili shaba iondoke juu, fedha ibaki, na sarafu itoke nyeupe. Karne zilizofuata ardhini zikaiondoa shaba zaidi. Kwa hiyo jiwe la kupimia linagusa ngozi tajiri na kutoa jibu la ngozi hiyo. Mashine ya eksirei ya dukani ina udhaifu ule ule, kwani husoma unene mdogo sana wa juu.

Msongamano unapima sarafu nzima, ndiyo maana ulichaguliwa. Hata hivyo jaribio la kwanza, kwa mizani ya kusoma gramu 0.01, halikufaa kitu kwa sarafu za kweli. Hesabu inaonyesha sababu. Dinari ya gramu 3.00 yenye fedha asilimia 80 ikizamishwa huondoa maji gramu 0.296, yenye asilimia 50 huondoa gramu 0.310. Tofauti ni gramu 0.014, ambayo mizani hiyo haiwezi kuiona kwa uhakika. Mizani ile ilitosha kuitambua bati, haikutosha kumtenganisha Marcus na Caracalla. Kwa mizani ya gramu 0.001, maji yaliyochemshwa na kupoa, na sarafu iliyoning'inizwa kwa uzi mwembamba bila mapovu, makundi mawili yalijitenga vizuri, moja likizunguka 10.1 na jingine 9.6. Sarafu zilizolika ndani zilisoma chini kidogo, kwa hiyo matokeo yalitumika kuunga mkono maandishi, kamwe hayakutumika kuyapinga.

Uchambuzi: kwa nini uso uliwekwa mwisho

Hili ndilo lililopingwa zaidi na warithi, kwa kuwa uso ndio unaovutia jicho. Tena nyuso hizi ni kazi ya ufundi wa hali ya juu. Antoninus Pius ana shingo ndefu, ndevu zilizopunguzwa na utulivu wa mzee wa baraza. Marcus anaanza akiwa kijana wa nywele za mawimbi asiye na ndevu, akiwa bado Kaisari mdogo, yaani mrithi mteule, na kuishia na ndevu ndefu za mwanafalsafa. Caracalla ana safari ndefu kuliko wote. Mwaka 196 ni mtoto wa mashavu ya mviringo, kama miaka minane tu. Miaka kumi baadaye ni kijana mwenye ndevu za pembeni. Kuanzia kama 210 ni askari mwenye shingo nene, ndevu fupi na ndita zilizokazwa. Watu watatu tofauti, ukiwatazama kwa haraka.

Shida ni kwamba Elagabalus alichongwa afanane na mmoja wa hao watatu. Mwaka 218 alikuwa Syria, na Roma hakufika mpaka 219. Wachongaji wa Roma waligonga sarafu zake kabla hajaingia mjini, na dai lake lote la utawala lilikuwa kwamba ni mwana wa Caracalla. Nyuso zake za mwanzo zinalingana na Caracalla kijana kiasi kwamba hata jicho lenye mazoea hudanganyika. Baadaye uso wake hubadilika: mdomo mnene, masharubu membamba, na mbele ya shada kitu chenye ncha kama pembe, alama ya ukuhani wake. Pembe ikionekana, uso unaweza kutangulia. Isipoonekana, uso usubiri.

Mambo mawili yaliyofanyika vizuri hayakutegemea utaalamu mkubwa. Karatasi ya zamani ya trei haikutupwa ingawa ilikuwa na makosa, kwa sababu mwandiko na umri wake ni ushahidi wa umiliki wa muda mrefu, na bila ushahidi wa namna hiyo kuuza au kuvusha sarafu za kale mipakani kunaweza kukwama kisheria. Pia kila bahasha mpya iliandikwa maandishi yote ya sarafu kama yalivyosomeka, herufi zilizopotea zikiwekwa ndani ya mabano ya mraba, na jina la kaizari likaandikwa chini yake. Bahasha ya namba 17 inasomeka: [IMP ANTO]NINVS PIVS AVG / LIBERTAS AVG, nyota kulia, gramu 2.97, Elagabalus.